Jinsi ya Kupanga Tathmini ya Urahisi wa Matumizi: Mwongozo Kamili kwa Programu, Tovuti na Vifaa

Mara nyingi mno mambo huenda hivi. Timu inamaliza kutengeneza programu, inaita watu sita, inawaonyesha skrini moja baada ya nyingine na kuwauliza, "Mnaionaje?" Wote wanajibu kuwa ni nzuri. Ripoti inaandikwa, programu inatolewa, na kabla mwezi haujaisha dawati la huduma kwa wateja limezidiwa na maswali ya watu wasiojua pa kubonyeza.

Wale sita hawakudanganya. Waliulizwa maoni, wakatoa maoni. Hakuna aliyewapa kazi ya kufanya, hakuna aliyeandika mapema kufaulu kunaonekanaje, na hakuna aliyejua matokeo yangebadilisha nini. Tathmini hiyo iliharibikia kwenye mipango, siku nyingi kabla ya mshiriki wa kwanza kuketi.

Mwongozo huu unahusu mipango hiyo. Mfano utakaotuongoza ni programu ya simu ya kupanga miadi hospitalini, lakini hatua ni zile zile kwa tovuti, mashine ya kukatia tiketi au kifaa chochote ambacho mtu anakiamuru nacho kinamjibu.

## Unavyohitaji kabla ya kuanza

- Bidhaa katika hali inayoweza kujaribiwa. Si lazima iwe imekamilika. Hata michoro ya skrini kwenye karatasi inatosha kwa duru ya kwanza.
- Hati ya mpango, kurasa mbili au tatu, inayosomwa na kila anayehusika.
- Kifaa cha aina ambayo watumiaji wako wanayo. Kama wengi wana simu zenye skrini ndogo, usijaribie kwenye simu kubwa ya ofisini.
- Njia ya kurekodi skrini na sauti, pamoja na daftari la akiba.
- Fomu ya ridhaa.
- Maneno ya mwongozaji yaliyoandikwa.
- Karatasi za kazi, kila kazi kwenye karatasi yake.
- Dodoso fupi la mwisho.
- Akaunti za majaribio zenye taarifa za kubuni.
- Watu wawili: mmoja wa kuongoza kikao, mwingine wa kuandika. Mtu mmoja anayefanya yote mawili hukosa nusu ya yanayotokea.

## Hatua ya 1: Andika uamuzi unaosubiri matokeo

Kabla ya kufikiria washiriki, uliza timu: matokeo yakitoka, nani atafanya nini tofauti? Jibu liwe sentensi moja. Kwa mfano: "Tukiona wagonjwa wapya wanashindwa kupata kliniki sahihi, tutabadilisha orodha ya kliniki kabla ya kutoa programu." Kama hakuna wa kukamilisha sentensi hiyo, ahirisha tathmini. Najua ushauri huu huwaudhi wenye haraka, lakini sijaona njia ya mkato iliyolipa hapa.

Kutokana na uamuzi huo, tunga maswali matatu hadi matano. Swali "Je, programu ni rahisi?" halina jibu, kwa sababu urahisi hauelei hewani. Kiwango cha kimataifa cha ISO 9241-11, kilichosahihishwa mwaka 2018, kinaufunga urahisi wa matumizi kwenye mambo matatu: watumiaji fulani, malengo fulani na mazingira fulani ya matumizi. Ndani ya mipaka hiyo hupimwa kama watu wanafikia lengo kwa usahihi, wanatumia muda na juhudi kiasi gani, na wanaridhika kiasi gani.

Kwa hiyo andika hivi:

- Je, mgonjwa anayeifungua programu kwa mara ya kwanza anaweza kupata miadi ya daktari wa macho bila kusaidiwa?
- Je, anayebadilisha tarehe anaelewa kuwa miadi ya awali imefutwa?
- Je, anayempangia mtoto wake miadi anajua wakati wote ni jina la nani linaandikishwa?

Papo hapo amua pia kama unatafuta kasoro ili uzirekebishe, au unapima kiwango ili ulinganishe au uripoti. Ya kwanza hufanywa bidhaa ikiwa bado laini, kwa watu wachache, mara kadhaa. Ya pili huhitaji watu wengi zaidi na masharti yasiyobadilika kutoka kikao hadi kikao. Kuzichanganya ndiko kunakozaa ripoti zinazotangaza "asilimia 80 walifaulu" kumbe walikuwa wanne kati ya watano.

Umefaulu ikiwa mtu asiye wa timu anaweza kusoma maswali yako na kutaja jibu gani litawafanya mbadilishe bidhaa.

## Hatua ya 2: Chagua njia inayojibu swali hilo

Usianze na njia kwa sababu umeizoea.

Ukaguzi wa wataalamu. Wakaguzi watatu hadi watano hupitia bidhaa kila mmoja peke yake, wakiilinganisha na kanuni za usanifu zinazojulikana, kisha huunganisha orodha zao. Njia hii, iliyoelezwa na watafiti Jakob Nielsen na Rolf Molich mwaka 1990, ni ya bei nafuu na huondoa kasoro za wazi. Ifanye kwanza, ili muda wa washiriki usiishie kwenye kitufe kisichofanya kazi. Wakaguzi wakikaa pamoja tangu mwanzo, mwenye sauti kubwa ndiye atakayeandika orodha.

Majaribio na watumiaji, mwongozaji akiwepo. Hii ndiyo njia ya maswali yetu matatu, maana unaona mtu anakwama wapi na kwa nini. Washiriki huombwa kuwaza kwa sauti: kusema wanachotafuta, wanachotarajia na kinachowashangaza.

Majaribio ya mbali bila mwongozaji. Hufikia watu wengi kwa haraka, lakini mtu akikwama hakuna wa kumuuliza sababu. Yanafaa kupima, hayafai kuelewa.

Kutazama watu mahali wanapotumia bidhaa. Inahitajika pale mazingira yenyewe ni sehemu ya tatizo: kelele, mwanga mkali, foleni, mtandao unaokatika.

Onyo: kuwaza kwa sauti hubadilisha kasi ya mtu. Ukihitaji muda sahihi wa kila kazi, waache wafanye kimya, uwaulize baadaye huku mkitazama rekodi pamoja.

## Hatua ya 3: Tafuta washiriki wanaofaa, na idadi inayofaa

Wachague kwa mwenendo wao kuliko umri au cheo. Kwa programu ya miadi, linalotofautisha watu ni kama wamewahi kujipangia miadi, kama wanawapangia wengine, na wanatumia simu kwa mambo gani.

Maswali ya mchujo yasifichue jibu unalotaka. Ukiuliza, "Je, huwa unapanga miadi ya hospitali kwa simu?" kila anayetaka malipo atasema ndiyo. Uliza hivi: "Mara ya mwisho ulipotaka kumwona daktari, ulipataje nafasi?" Maelezo yake yatakuambia kama anafaa.

Usiwatumie wafanyakazi wa mradi wala watu wanaoogopa kukukwaza. Na usiwaache nje wasioona vizuri, wasiosikia au wenye mikono isiyotulia. Waalike na vifaa vyao wenyewe, maana kisoma skrini (programu inayosoma kwa sauti yaliyo kwenye skrini) alichokizoea mtu si sawa na kile ulichosakinisha asubuhi.

Sasa idadi. Umesikia kwamba watu watano wanatosha. Kauli hiyo ina msingi, lakini husemwa bila masharti yake. Mwaka 1993 Jakob Nielsen na Thomas Landauer walionyesha kwamba sehemu ya kasoro zinazoonekana hukadiriwa kwa fomula 1 − (1 − p)ⁿ, ambapo p ni uwezekano wa mshiriki mmoja kukutana na kasoro fulani na n ni idadi ya washiriki. Wastani wa p katika miradi waliyoichunguza ulikuwa 0.31, na ukiweka n = 5 unapata karibu asilimia 85.

Lakini kasoro inayompata mtu mmoja kati ya kumi ina p ya 0.1. Kwa watu watano, uwezekano wa kuiona hata mara moja ni asilimia 41 tu. Mwaka 2003 mtafiti Laura Faulkner alichukua matokeo ya washiriki 60 na kuyagawa katika makundi ya watano watano kwa kubahatisha: kuna kundi lililopata asilimia 99 ya kasoro, na kuna lililopata 55. Makundi ya watu kumi hayakushuka chini ya 80.

Ushauri wangu, basi:

- Kama unatafuta kasoro, chukua watano kwa kila aina ya mtumiaji, rekebisha, kisha rudia na watano wengine. Duru tatu za watano zina faida kuliko duru moja ya kumi na watano, kwa sababu duru ya pili inajaribu pia marekebisho yako.
- Kama unapima kiwango, anzia 20. Hata watano wote wakifaulu kazi, kiwango halisi cha kufaulu katika umma kinaweza kuwa karibu nusu tu.
- Kama kosa linaweza kumdhuru mtu, mfano kifaa cha kupima dawa, ongeza idadi bila kusitasita na ufuate masharti ya mamlaka husika.

Ongeza mshiriki mmoja au wawili wa akiba. Kuna ambaye hatatokea.

## Hatua ya 4: Tunga kazi ambazo mtu angezifanya kweli

Hapa ndipo tathmini nyingi hufia. Tazama kazi hii:

"Bonyeza Miadi Mpya, chagua Kliniki ya Macho, kisha thibitisha."

Mshiriki ataifaulu na wewe hutajifunza chochote. Umempa njia, umempa majina ya vitufe, na umemwondolea kile kilichokuwa kigumu: kuamua aanzie wapi. Linganisha na hii:

"Kwa siku kadhaa jicho lako la kushoto limekuwa likiwasha. Kazini unatoka saa tisa alasiri. Tumia programu hii kupata nafasi ya kumwona daktari anayefaa."

Kazi ya pili ina sababu, ina kikwazo cha muda, na haina hata neno moja lililoandikwa kwenye skrini. Ukimaliza kutunga, weka kazi kando ya picha za skrini na ufute kila neno linalofanana. Zoezi hili huchukua dakika kumi na huokoa vikao vizima.

Kwa kila kazi jaza kadi ambayo mshiriki haioni:

- Inaanzia wapi: skrini ya mwanzo, mtumiaji ameshaingia.
- Kufaulu ni nini: miadi ya macho, baada ya saa tisa alasiri, imethibitishwa na namba ya miadi imeonekana.
- Kufaulu nusu ni nini: kliniki sahihi, muda usiofaa.
- Kushindwa ni nini: amekata tamaa, dakika nane zimepita, au amesaidiwa zaidi ya mara moja.
- Inajibu swali lipi la Hatua ya 1: la kwanza.

Kadi isiyoweza kujazwa mstari wa mwisho ni ya kazi isiyo na kazi. Iondoe, hata kama mkuu wa idara anaipenda.

Zaidi ya kufaulu, kufaulu nusu na kushindwa, ipo hali ya nne inayostahili alama yake peke yake: mshiriki anasema "Tayari!" huku hajathibitisha. Anaondoka akiamini ana miadi, naye hana. Huyu ni hatari kuliko aliyeshindwa, kwa kuwa aliyeshindwa atapiga simu hospitali, ilhali huyu atasafiri bure siku ya miadi akiwa mgonjwa. Ndiyo maana kila mshiriki mwenyewe atamke kuwa amemaliza, na mwandishi alinganishe tamko hilo na hali halisi kwenye mfumo.

Kuhusu mpangilio, anza na kazi nyepesi ili mtu apate utulivu. Kazi zisizotegemeana zibadilishwe nafasi kutoka mshiriki hadi mshiriki, la sivyo ya mwisho itaonekana rahisi kwa sababu tu watu wameshaizoea programu. Ukilinganisha matoleo mawili kwa washiriki wale wale, nusu yao waanze na la kwanza na nusu na la pili.

Kazi tano hadi saba zinajaza kikao cha saa moja. Zaidi ya hapo unapima uchovu.

## Hatua ya 5: Amua utapima nini

Kwa kila kazi: amefaulu au la, makosa gani, muda kama unahitajika, na swali moja baada ya kazi, "Kazi hii ilikuwa ngumu au rahisi kiasi gani?" kwa alama 1 hadi 7. Liulize mara tu kazi inapoisha.

Mwishoni mwa kikao tumia dodoso lililokwisha kupimwa badala ya kujitungia. Dodoso la SUS (System Usability Scale, yaani kipimo cha urahisi wa matumizi ya mfumo), lililotungwa na John Brooke mwaka 1986, lina kauli kumi za kukubali au kukataa kwa alama 1 hadi 5, moja ya kusifu na moja ya kukosoa kwa zamu. Kwa kauli zenye namba witiri, toa 1 kwenye alama aliyoweka mshiriki. Kwa zenye namba shufwa, toa alama yake kwenye 5. Jumlisha zote, zidisha kwa 2.5. Jibu ni kati ya 0 na 100.

Maonyo mawili. Alama hiyo si asilimia. Wastani unaotajwa sana ni 68, kwa hiyo 70 ni ya kawaida tu. Pia, kauli za kukosoa huwachanganya wengi, hasa zikiwa zimetafsiriwa. Mpe mtu tafsiri yako aisome na aeleze kila kauli kwa maneno yake kabla hujaitumia.

Dodoso halitakuambia kasoro iko wapi. Hilo utalipata kwa kutazama.

## Hatua ya 6: Ridhaa na usalama wa mshiriki

Fomu iwe ukurasa mmoja, kwa lugha ya kawaida: nini kitarekodiwa, nani ataona, kitafutwa lini, na kwamba anaweza kuacha wakati wowote bila kutoa sababu na bado akapata malipo yake. Kwa watoto unahitaji idhini ya mzazi au mlezi, na pia kukubali kwa mtoto mwenyewe.

Hakuna sababu ya mshiriki kuingiza ugonjwa wake halisi kwenye programu ya majaribio. Tumia akaunti za kubuni. Na kwenye ripoti awe M1, M2, M3; sauti na uso vibaki kwenye faili lenye ulinzi.

## Hatua ya 7: Andika maneno ya mwongozaji

Andika neno kwa neno, ili mshiriki wa kwanza na wa mwisho wasikie jambo moja. Yawemo haya: "Tunaijaribu programu, hatukujaribu wewe. Ukikwama, programu ndiyo imekosea, na hilo ndilo tunalotaka kuliona. Sikuitengeneza mimi, kwa hiyo hutaniumiza ukisema ukweli." Sentensi ya mwisho iwe kweli: aliyetengeneza skrini asiongoze kikao. Atatetea, hata kwa macho.

Tayarisha pia majibu ya maswali yatakayokuja. Akiuliza, "Nibonyeze hapa?" jibu, "Kama ungekuwa peke yako, ungefanyaje?" Akinyamaza muda mrefu: "Unafikiria nini sasa?" Akikwama kabisa, dokezo liwe moja, liwe limeandikwa, na liwekewe alama kwenye kumbukumbu.

Kikao cha saa moja hugawanyika hivi: dakika kumi za kukaribisha na ridhaa, arobaini za kazi, kumi za dodoso na mazungumzo. Acha nusu saa kati ya vikao, na usizidishe vitano kwa siku. Mwongozaji aliyechoka huanza kusaidia bila kujijua.

## Hatua ya 8: Panga mapema jinsi ya kusoma matokeo

Chora jedwali sasa: mshiriki, kazi, kilichotokea, alichosema, kasoro, uzito. Safu ya "kilichotokea" ipokee yanayoonekana tu. "Alibonyeza picha ya kalenda mara tatu" ni tukio. "Alichanganyikiwa na kalenda" ni tafsiri yako, nayo isubiri.

Uzito upangwe kwa alama 0 hadi 4: 0 si kasoro, 1 ni ya urembo, 2 ndogo, 3 kubwa, 4 lazima irekebishwe kabla ya kutoa bidhaa. Angalia imewapata wangapi, iliwazuia kiasi gani, na kama mtu akishaijua anaikwepa au inamrudia. Watu wawili watoe alama kila mmoja peke yake kabla ya kulinganisha. Kasoro iliyompata mmoja tu haiwi ndogo kwa sababu hiyo. Aliyejiandikishia miadi ya mtoto wake kwa jina lake mwenyewe ni mmoja, na bado ni alama 4.

## Hatua ya 9: Fanya jaribio la awali

Siku mbili au tatu kabla ya vikao, endesha kikao kizima na mtu mmoja au wawili, kuanzia salamu hadi malipo. Mfanyakazi wa idara nyingine anafaa, mradi hajaiona bidhaa. Acha siku katikati, kwa sababu utapata ya kurekebisha.

Kagua:

- Je, alielewa kila kazi bila kuuliza maana yake?
- Je, mwongozaji na mwandishi walikubaliana kama alifaulu? Wakitofautiana, kadi ya kazi haijakamilika.
- Je, muda ulitosha?
- Je, rekodi inasikika na skrini inaonekana? Ifungue uitazame, taa nyekundu peke yake haitoshi.
- Je, akaunti ya majaribio inaweza kurudishwa kwenye hali ya mwanzo kabla ya mshiriki anayefuata?

Ukibadilisha kazi, maneno au bidhaa baada ya hapo, weka kando matokeo ya jaribio hili na usiyachanganye na ya vikao halisi. Ikiwa hakuna kilichobadilika na mtu huyo anatimiza sifa za mchujo, mhesabu kuwa M1, kisha tuma mialiko kwa waliobaki.